Zaka na Sadaka kwa Simu: Hakikisha Pesa ya Yatima Inamfikia Yatima

Ni kumi la mwisho la Ramadhani, saa tano usiku. Kwenye grupu ya WhatsApp inaingia picha ya watoto watatu. Maelezo ni mafupi: baba amefariki, mama hana kazi, kodi ya nyumba imechelewa. Chini kabisa kuna namba ya simu na ombi kwamba utume chochote ulicho nacho na umwambie na mwenzako. Unaguswa, unatuma Sh500, SMS ya kuthibitisha inaingia, unaendelea na shughuli zako.

Swali ni moja tu: hizo Sh500 zimefika kwa nani?

Kabla ya 2007, wakati pesa kwa simu haikuwa imeanza hapa Kenya, aliyetaka kusaidia familia ya Mandera akiwa Mombasa ilibidi atafute mtu anayesafiri, ampe bahasha na aombe Mungu ifike. Shida ilikuwa ni kufikisha. Leo kufikisha ni sekunde chache. Shida imehamia mahali pengine: kujua unayemtumia ni nani, pesa yenyewe ni ya aina gani, na itafanya nini ikishafika. Kwa Muislamu anayetoa zaka jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu hiyo pesa ikishafika kiwango si yake tena. Ni haki ya mtu mwingine iliyo mikononi mwake kama amana.

Tumeandaa makala hii kwa wateja wetu wanaotoa, na pia kwa wale wanaopokea. Mambo ya fiqhi tumeyagusa pale yanapokutana na simu yako tu. Ukiwa na suala la ndani zaidi, muulize sheikh wako au ofisi ya kadhi iliyo karibu nawe.

Kwanza, hii pesa ni ya aina gani?

Wengi wetu tunasema "nimetoa sadaka" tukimaanisha kila kitu. Lakini kwa anayepokea na kugawa, tofauti ni kubwa.

Zaka ni faradhi. Hutolewa na mtu ambaye mali yake imefika nisabu na ikakaa mwaka mzima wa Kiislamu. Kiwango chake kwa pesa taslimu ni asilimia 2.5, na wanaostahili kupewa ni makundi manane yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60. Huwezi kuitumia kujenga ukuta wa uwanja wa mpira kwa sababu tu umependa wazo hilo.

Sadaka ya kawaida ni ya hiari. Unaweza kumpa yeyote, kiasi chochote, siku yoyote.

Zakatul-fitri ni ile ya kumaliza Ramadhani. Kila mtu katika nyumba hutolewa pishi moja ya chakula, takriban kilo 2.5 hadi 3, kabla ya swala ya Idd.

Na yatima je? Katika sheria ya Kiislamu, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wengi: yatima hayumo katika yale makundi manane kwa jina la uyatima. Anapewa zaka kwa sababu ni fakiri au maskini. Mtoto aliyeachiwa nyumba tatu za kukodisha ni yatima, lakini zaka si yake. Jirani yake ambaye baba yuko hai ila ni mgonjwa na hana kitu anaweza kuwa ndiye anayestahili. Kwa hivyo ukitaka kufadhili yatima kwa pesa ya zaka, uliza hali ya familia kwanza. Ukitaka kumfurahisha yatima yeyote bila masharti, tumia sadaka.

Piga hesabu ukiwa na simu mkononi

Nisabu hupimwa kwa gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha. Bei za madini haya hubadilika, na siku hizi nisabu ya fedha iko chini sana ikilinganishwa na ya dhahabu. Wanazuoni wengi hupendelea kipimo cha fedha kwa sababu kinaingiza watoaji wengi zaidi na maskini wanafaidika. Muulize sheikh wako anatumia kipi, kisha angalia bei ya siku hiyo.

Ukishajua, kusanya hesabu zako zote: salio la simu, akaunti ya benki, akiba ya Sacco, pesa za biashara zilizo dukani, na zile ulizomkopesha mtu unayejua atalipa. Wengi husahau salio la simu kwa sababu wanaliona kama pesa ya matumizi. Lakini kama limekaa huko mwaka mzima juu ya nisabu, linahesabiwa.

Mfano: mfanyabiashara wa nguo Eastleigh ana jumla ya Sh400,000 zilizokamilisha mwaka, na ameshathibitisha kuwa zimefika nisabu. Asilimia 2.5 ya hizo ni Sh10,000. Hiyo ndiyo zaka yake.

Jambo la tarehe pia lina mtego. Mwaka wa Kiislamu una siku takriban 354, yaani ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa kalenda ya ukutani. Ukijiwekea kuwa utatoa zaka kila tarehe 1 Januari, unachelewa siku 11 kila mwaka, na baada ya miaka mitatu umechelewa zaidi ya mwezi. Simu nyingi zinaweza kuonyesha kalenda ya Hijria. Weka kikumbusho hapo.

Fitri: tuma mapema, usingoje usiku wa Idd

Waislamu wengi wa Pwani na wa kaskazini mashariki ya Kenya hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo yanataka zakatul-fitri itolewe kama chakula. Ukituma Sh1,000 kwa msikiti au shirika, unawafanya kuwa mawakala wako: wao ndio watanunua mchele au unga, wapime na kugawa kabla ya swala.

Sasa fikiria wewe umetuma saa nne usiku wa kuamkia Idd. Maduka ya jumla yamefungwa, na foleni ya wajane wanaosubiri imeshaondoka. Pesa yako itakaa kwenye akaunti hadi swala ipite. Ni vizuri uwaulize siku yao ya mwisho ya kupokea, na utume siku kadhaa kabla. Na kwenye sehemu ya namba ya akaunti, andika FITRI ili isichanganywe na michango mingine.

Kituo cha watoto au nyumbani kwao?

Tukisikia "yatima," wengi tunafikiria jengo lenye vitanda vya ghorofa na geti. Vituo vimelea watoto wengi na vingine vinafanya kazi nzuri. Lakini serikali ya Kenya, kupitia mkakati wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032, inaelekea upande wa kulea mtoto ndani ya familia na jamii, na kituo kibaki kuwa njia ya mwisho.

Wazo hili si geni katika Uislamu. Linaitwa kafala: kumlea mtoto kwa mapenzi na matunzo yote bila kubadilisha nasaba yake wala kumnyang'anya jina la baba yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 20, unaitaja kafala kwa jina kama mojawapo ya njia za malezi mbadala. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 nayo imeitambua. Ukitaka kumchukua mtoto aishi kwako, kuna utaratibu wa kisheria wa kufuata, na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako ndiyo mahali pa kuanzia.

Mashirika ya misaada pia hutumia neno kafala wakimaanisha ufadhili: mtoto anabaki na mama au bibi yake, wewe unalipia karo, chakula na sare kila mwezi. Hii haihitaji mahakama. Na ndiyo aina ya msaada ambayo simu imeirahisisha zaidi, kwa sababu pesa inaweza kwenda moja kwa moja kwa anayemlea.

Kenya ina uzoefu mrefu wa jambo hili. Mpango wa serikali wa kuwapa pesa walezi wa mayatima na watoto walio katika hali ngumu ulianza kwa majaribio 2004 na familia 500 huko Garissa, Kwale na Nairobi. Leo uko chini ya Inua Jamii, na kiwango chake ni Sh2,000 kwa mwezi. Si pesa nyingi. Nguvu yake ni kwamba mlezi anaitegemea na anaweza kupanga. Anaweza kumwambia mwenye duka, "Nipe unga, tarehe fulani nitalipa," na mwenye duka akakubali.

Mjane aliye eda, na laini ya marehemu

Hii ndiyo sehemu tungependa uisome polepole.

Mume anapofariki, mke Muislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue kama ana mimba. Kwa muda huo hukaa nyumbani kwa kiasi kikubwa. Watu hujaa wiki ya kwanza, sufuria za pilau zinapishana mlangoni. Kufikia mwezi wa pili wageni wameisha, na mama yuko ndani na watoto, hawezi kuzunguka kutafuta kibarua wala kupiga foleni ya msaada. Sh1,000 inayoingia kwenye simu yake wakati huo ina maana kubwa kuliko Sh5,000 za siku ya mazishi. Na inaingia kimya kimya. Hakuna anayemwona akipokea, na heshima yake inabaki. Kama kuna mjane unayemjua, weka kikumbusho cha mwezi wa pili, wa tatu na wa nne.

Kuna jambo la pili, na hapa ndipo mayatima wengi hupoteza pesa bila mtu kulitamka. Marehemu ameacha laini ya simu ikiwa na salio. Mtu katika familia anaijua PIN. Kabla ya arobaini kuisha, pesa imeshatolewa "ya matumizi ya msiba."

Salio hilo ni mirathi. Baada ya gharama halali za mazishi, madeni na wasia, ni la warithi. Chukua mfano wa marehemu aliyeacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wasichana watatu, wazazi wake wakiwa wameshatangulia, na kwenye laini kuna Sh80,000 baada ya madeni. Mke anapata thumuni, yaani Sh10,000. Sh70,000 zinazobaki ni za watoto: mvulana Sh28,000, na kila msichana Sh14,000. Ami akizitoa hizo pesa kwa wakala, hata kwa nia nzuri, amegusa mali ya mayatima wanne.

Njia sahihi ni hii. Usitumie PIN ya marehemu. Ijulishe kampuni ya simu kuhusu kifo ili akaunti ilindwe. Utaambiwa ni stakabadhi gani zinahitajika kulingana na kiasi kilichomo; kwa kawaida huanzia cheti cha kifo na kitambulisho, na kunaweza kuhitajika hati za mahakama. Kwa Waislamu, mahakama ya kadhi ndiyo inayoshughulikia mirathi pale pande zote zinapokubali kwenda huko, na imo kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Ndiyo, inachukua muda. Lakini pesa iko, na ina wenyewe.

Kabla hujaweka PIN: mambo sita

1. Namba ni ya nani? Namba ya Paybill au Till iliyosajiliwa kwa jina la shirika ni bora kuliko namba ya mtu binafsi. Kama ni ya mtu binafsi, hakikisha unamjua au unamjua anayemjua.

2. Soma jina linalotokea. Kabla malipo hayajakamilika, simu hukuonyesha jina la anayepokea. Kama tangazo lilisema ni kituo cha mayatima na jina linalotokea ni la mtu usiyemtambua, simama. Katisha. Uliza.

3. Shirika limesajiliwa? Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024, na mamlaka yake mpya ilichukua nafasi ya iliyokuwa Bodi ya NGO. Unaweza kuuliza huko. Mengine husajiliwa kama jumuiya, wakfu au kikundi cha kijamii. Shirika la kweli halikasiriki ukiliomba cheti.

4. Thibitisha kwa njia nyingine. Meseji ya "ile pesa tuma kwa hii namba" tunaijua wote, na wakati wa Ramadhani huvaa kanzu. Tapeli huchukua bango halisi la msikiti na kubadilisha namba peke yake. Piga simu kwa namba ya ofisi unayoijua, au muulize imamu Ijumaa.

5. Taja aina ya pesa. Kwenye namba ya akaunti andika ZAKA, SADAKA, FITRI au YATIMA, kulingana na maelekezo ya shirika. Mhasibu wao hawezi kusoma moyo wako.

6. Hakuna anayehitaji PIN yako. Si sheikh, si afisa wa shirika, si sisi. Anayekuambia msaada wako "umekwama" na utume PIN ili uachiliwe ni mwizi.

Na ukituma kimakosa? Usisubiri kesho. Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja uombe muamala urudishwe. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu mno.

Tuma na ya kutoa

Ukimtumia mama Sh1,000 ya zaka na akakatwa ada wakati wa kuitoa, kilichomfikia mkononi ni chini ya Sh1,000. Kwa zaka, njia salama zaidi ni kuhakikisha haki yake inafika nzima: hesabu zaka yako, kisha ongeza ada ya kutuma na ya kutoa kutoka mfukoni mwako. Kwa malipo ya Paybill, kuna mashirika yanayobeba ada yenyewe na mengine yanamwachia mtoaji, kwa hivyo angalia kabla. Kama duka la jirani linapokea malipo kwa simu, anayepokea anaweza pia kununua unga moja kwa moja bila kwenda kwa wakala.

Lingine ni picha. Tunajua picha ya mtoto analia huchangisha haraka. Lakini mtoto huyo atakua, ataenda sekondari, na picha itakuwa bado inazunguka na jina lake na namba ya mama yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Kabla ya kusambaza, futa jina na uso. Wanaotaka kusaidia watasaidia tu.

Shawwal nao watoto wanakula

Michango huja kwa wingi Ramadhani, na inaeleweka kwa sababu ya thawabu. Lakini karo hudaiwa pia mwezi wa Mei, na sare huchanika Septemba. Yule mfanyabiashara wetu wa Eastleigh anaweza kutoa zaka yake Sh10,000 kwa wakati wake bila kuchelewesha, halafu akaongeza sadaka ya Sh500 kila mwezi kwa familia moja. Kwa mwaka ni Sh6,000. Weka malipo ya kujirudia kama simu yako inaruhusu, au kikumbusho cha kila tarehe 5.

Usione kidogo ni aibu. Islamic Relief, ambayo leo inafanya kazi katika nchi nyingi duniani, ilianzishwa Birmingham mwaka 1984 na Dkt. Hany El-Banna pamoja na wanafunzi wenzake, na mchango wake wa kwanza ulikuwa peni 20.

Na kama una kikubwa, fikiria wakfu, yaani mali inayobaki na matunda yake kugawiwa. Dkt. Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait, aliyeanzisha mwaka 1981 shirika ambalo leo linaitwa Direct Aid, alipopewa Tuzo ya Mfalme Faisal mwaka 1996 aliifanya pesa ya tuzo kuwa wakfu wa elimu ya watoto wa Afrika. Alifariki 2013, na wakfu haukuzikwa naye. Hapa kwetu, Tume ya Wakfu iliyoko Mombasa inaweza kukueleza taratibu. Hata chama cha marafiki kumi kinaweza kununua cherehani au tanki la maji na faida ikalipia karo.

Wiki hii fanya mambo matatu. Fungua simu uangalie salio lako na akiba yako, ujue kama umefika nisabu. Chagua familia moja au shirika moja, na ulifanyie ule uchunguzi wa mambo sita. Kisha baada ya kutuma, piga simu uulize: "Imefika? Mtoto amerudi shule?" Usikae na SMS ya kuthibitisha peke yake. Hiyo inakuambia tu kwamba pesa imetoka kwako.